Mkaja, Kilemba na Ada ya Lugha: Neno kwa Wanaoozesha Ng'ambo

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika pwani ya kusini ya Kenya, hususan Diani na vijiji vinavyoizunguka, methali hii imepata tafsiri ya pekee tangu hoteli za watalii zilipoanza kujengwa ufuoni kwa wingi katika miaka ya 1970. Mgeni alikuja, akala, akalala, akarudi kwao. Baadhi yao walirudi tena na tena, na miongoni mwa hao wamo waliooa au kuolewa papa hapa. Leo si ajabu kumkuta mzee wa Ukunda, Gazi au Msambweni ambaye binti yake, mpwa wake au mjukuu wake anaishi Ujerumani, Uswisi, Italia au Uingereza.

Mintarafu ya ndoa hizi, mengi yamesemwa, na aghalabu yamesemwa kwa kejeli. Wapo wanaoziita biashara, na wapo wanaoziona kuwa neema. Makala haya hayakusudii kuingia katika ugomvi huo. Mtu mzima aliyeridhia kuoana na mtu mzima mwenzake hahitaji kibali cha gazeti wala cha jarida. Linalokusudiwa hapa ni jambo ambalo halijadiliwi barazani wala jikoni, nalo ni lugha. Hoja yenyewe ni kwamba familia za Kwale zinazojiandaa kwa arusi na kwa safari ya kuhamia ng'ambo huandaa karibu kila kitu isipokuwa lugha ya mtoto atakayezaliwa au atakayesafiri. Na kwamba hasara ya kusahau huku ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Msomaji na apige picha ya nyumba moja mjini Msambweni, mfungo mosi, siku chache kabla ya arusi. Uani wanawake wanatwanga na kusaga viungo vya singo. Hina imelowekwa. Asumini zimeagizwa, udi umenunuliwa, na somo amekwisha kuingia ndani na mwali wake. Katika chumba hicho hicho, juu ya kabati, limewekwa jalada la plastiki ambalo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuligusa. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, picha ndogo zilizopigwa kwa vipimo vya ubalozi, cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa alichokuja nacho mchumba kutoka kwao, na cheti cha mtihani wa lugha ya Kijerumani alioufanya bi arusi mjini Nairobi. Bi arusi huyu ana mtoto wa miaka saba wa ndoa yake ya kwanza, naye atasafiri na mamake; kwa hiyo jaladani mna pia idhini ya baba mzazi wa mtoto huyo. Nyumba hii si ya mtu fulani, ila wenyeji wa Kwale wataitambua.

Katika nyumba hiyo yanafanyika maandalizi mawili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya mila, nayo yanaongozwa na wanawake wazima. Ya pili ni ya karatasi, nayo yanaongozwa na yeyote katika familia aliyesoma. Maandalizi haya hayazungumzi. Somo haulizi lililomo jaladani, na msomi wa familia hana habari na anayofunzwa mwali. Lugha imeanguka katika pengo lililo baina ya hayo mawili.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini watu wanaondoka, ili isidhaniwe kwamba kuhama ni anasa. Kaunti ya Kwale ilikuwa na watu 866,820 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwa tegemeo la Msambweni nzima, kilifungwa mwaka 1988, na hata kilimo cha miwa kilipofufuliwa miaka mingi baadaye hakikurejesha yote yaliyopotea. Utalii nao umekuwa ukipanda na kushuka mithili ya maji ya bahari: ghasia za Likoni za mwaka 1997 ziliufukuza, na janga la korona la mwaka 2020 likazifunga hoteli. Uchimbaji wa madini ya titani katika Kwale ulifikia kikomo Desemba 2024. Hivi sasa nchi za nje zenyewe zinawatafuta wafanyakazi: Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji jijini Berlin mnamo Septemba 2024. Kwa hiyo atakayeondoka kwa ndoa, atakayeondoka kwa kazi na atakayeondoka kwa masomo watapitia lango moja. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Lililobaki ni kuuliza watakwenda na nini.

Katika mila za ndoa za Waswahili na jirani zao wa pwani, mahari ni haki ya mke. Pamoja na mahari hayo, zipo ada ndogo ndogo ambazo wanafunzi wa fasihi simulizi huzisoma chini ya mada ya miviga, kisha wakazisahau mara tu mtihani unapokwisha. Baba wa bi arusi hupewa kilemba. Mama hupewa mkaja na ubeleko. Anayemwosha bwana arusi miguu hupewa kiosha miguu. Bi arusi mwenyewe hupewa kipamkono. Mtu asiyejua maana ya maneno haya huziona ada hizi kuwa njia ya kumkamua bwana arusi. Hapo ndipo mahali pa kuanzia hoja hii.

Mkaja ni nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo anayombebea mtoto mgongoni. Anapopewa mkaja siku ya kuozwa kwa bintiye, mama hapewi nguo tu. Anaambiwa mbele ya mashahidi kwamba kuna tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba, na kwamba anayemchukua mtoto huyu anakiri deni hilo. Maana hiyo yote imo katika jina la ada, si katika thamani ya kitambaa. Sasa arusi inapojadiliwa kupitia mkalimani, na aghalabu mkalimani huyo ni binamu aliyewahi kufanya kazi hotelini, mkaja huwa ni euro kadhaa za mama, na kilemba huwa ni euro kadhaa za baba. Bwana arusi analipa bila kinyongo, lakini hajui alichokilipia. Amelipa deni asiloambiwa kuwa ni deni. Je, ni ajabu miaka miwili baadaye akiona kwamba alikwisha kumaliza hesabu na wakwe zake?

Hapa pana funzo ambalo wanaisimu hulisema kila siku darasani: neno halibebi kitu peke yake, hubeba pia uhusiano. Neno likiondoka, kitu hubaki kikiwa kitupu. Na ikiwa hali ndiyo hiyo kwa ada zinazotolewa siku moja, sembuse kwa lugha nzima ya nyumba?

Upande wa karatasi, mambo yamepangwa barabara. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za aina tano, yaani za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Inataka kila ndoa iandikishwe na inaweka miaka 18 kuwa umri wa chini. Anayetaka ndoa ya kiserikali hutoa ilani kwa msajili siku 21 kabla. Katiba ya mwaka 2010 imefanya jambo kubwa zaidi. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kupitia kwa baba. Mama Mkenya aliyejifungulia Ulaya hakuwa na uraia wa kumrithisha mwanawe. Tangu mwaka 2010, Ibara ya 14 inamhesabu mtoto kuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Ibara ya 16 nayo inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine bila kuupoteza wa kwao. Ujerumani kwa upande wake iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa jumla kuanzia Juni 2024. Mama wa Kwale sasa anaweza kumpa mwanawe Ukenya wa karatasi mahali popote ulimwenguni. Ukenya wa ulimi hakuna ibara inayoweza kuutoa kwa niaba yake.

Wenyeji wa ng'ambo, kwa upande wao, hawakuiachia lugha yao bahati nasibu. Uholanzi ilianza mwaka 2006 kuwataka wanaohamia huko kwa ndoa wafanye mtihani wa lugha na maisha ya nchi hiyo kabla ya kusafiri. Ujerumani ilifuata mwaka 2007: mke au mume anayekwenda kuungana na mwenzake, isipokuwa wachache wanaosamehewa, sharti athibitishe kwamba anajua Kijerumani cha ngazi ya kwanza, iitwayo A1. Uingereza nayo iliweka sharti la Kiingereza mwaka 2010. Ndiyo maana msichana wa Msambweni hupanda basi kwenda Nairobi, akapanga chumba, akasoma kwa miezi, kisha akafanya mtihani ambao akikosa alama 60 kwa 100 arusi yake inabaki na nyumba mbili katika mabara mawili.

Sharti hilo limepingwa na wengi kwamba linawaonea maskini na wasiosoma, na kuna ukweli katika lawama hiyo. Hata hivyo, lina fikra moja ambayo wazee wa pwani wangefanya vyema kuitafakari: kwamba anayeingia nyumbani kwa watu huingia kupitia lugha yao. Ulaya imeisema fikra hiyo kwa sheria. Pwani, ambako wazee wamekuwa wakiiamini fikra hiyo hiyo tangu jadi, haikuisema kabisa. Binti hutahiniwa, mchumba wake haulizwi hata salamu.

Huenda mtu akasema kwamba mchumba hahitaji Kiswahili kwa kuwa hahamii Kwale. Jibu ni kwamba yeye pia anahamia, si kwa mwili bali kwa ukwe. Atakuwa na mama mkwe, mashemeji na wazee watakaompigia simu siku ya msiba. Isitoshe, hakuna anayeona vibaya kumdai maneno pale dini inapotaka. Katika familia za Kiislamu, mchumba asiye Mwislamu husilimu kwanza. Hufundishwa shahada, akaikariri mpaka ikamkaa ulimini. Siku ya nikahi huitikia maneno ya kuikubali ndoa kwa uangalifu mkubwa, huku msikiti mzima ukimsikiliza. Ikiwa anaweza kujifunza maneno hayo kwa sababu ameambiwa kwamba pasipo hayo hakuna ndoa, hawezi kushindwa kujifunza kumwamkia mama mkwe. Ameshindwa kwa sababu hakuambiwa kwamba ni lazima.

Lakini mhusika mkuu wa hoja hii si bwana arusi, ni mtoto. Mtoto wa miaka saba aliye katika mfano wa hapo juu hatahiniwi na ubalozi. Kwa umri wake hatakiwi cheti cha lugha, na kwa hiyo hakuna anayewaza habari za lugha yake. Anaondoka na Kidigo cha bibi yake, Kiswahili cha mtaani na shuleni, na Kiingereza kidogo. Anafika katika mji ambako anaingizwa darasani katika lugha ya nne. Wataalamu wa isimu wameonyesha kwamba mtoto anayetengwa na lugha yake ya kwanza kabla ya balehe anaweza kuipoteza kwa kiasi kikubwa, ilhali mtu mzima huisahau polepole na kwa sehemu tu. Kwa hivyo baada ya miaka michache mama bado ana lugha yake yote, na mwanawe hana. Wanaishi nyumba moja, na mama anazungumza na mwanawe kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaisema kwa kubabaisha. Mzazi anayemkanya mtoto kwa lugha ambayo mtoto anaijua kumliko amenyang'anywa nusu ya uzazi wake.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika majina ya jamaa. Kwa jadi, Wadigo walihesabu ukoo na urithi kupitia upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Sharia ya Kiislamu ilipoleta urithi wa upande wa baba, kanuni hizo mbili zilivutana kwa vizazi kadhaa, na katika mashamba ya minazi mvutano huo haujasahaulika. Katika jamii kama hiyo, kumtofautisha mjomba na ami si suala la adabu peke yake, ni suala la nani anaamua nini. Kijerumani huwaita wote wawili kwa neno moja, Onkel. Mtoto anayekua na neno hilo moja atarudi Msambweni siku ya mazishi, atawekwa mbele ya wanaume wanne, na hatajua ni yupi anayeuliza habari za shamba kwa haki na ni yupi anayeuliza kwa tamaa.

Pingamizi la kwanza linalotolewa na wazazi ni kwamba Kiswahili hakimlishi mtu Ulaya, na kwamba kumchanganya mtoto kwa lugha mbili kutamchelewesha shuleni. Dai hili limekwisha kukataliwa na utafiti wa miongo mingi wa isimu saikolojia: watoto humudu lugha mbili na tatu, kama wanavyofanya watoto wa Kwale kila siku bila kutambuliwa na mtu. Ama kuhusu kulisha, kuna kichekesho kichungu hapa. Kiswahili kilianza kufundishwa rasmi jijini Berlin mwaka 1887, katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mjerumani Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882. Hadi leo vyuo vikuu vya Ujerumani kama Leipzig na Bayreuth vinafundisha Kiswahili, na Bayreuth imekuwa mwenyeji wa kongamano la wataalamu wa Kiswahili tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo huenda kijana wa Kijerumani akakaa darasani akijifunza ngeli kwa jasho, ilhali hatua chache kutoka hapo kuna mjukuu wa Msambweni aliyekuwa nazo ngeli hizo bure akiwa na miaka mitano, zikamtoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linawahusu wasomaji wa jarida hili. Linauliza: ni lugha ipi hiyo inayotetewa? Bibi wa Msambweni hasemi Kiswahili sanifu. Husema Kidigo, au Chidigo kama wenyewe wanavyokiita. Kule Shimoni, Wasini na Vanga husemwa Kichifundi na Kivumba. Je, si unafiki kuwataka wahamiaji watunze Kiswahili ilhali Kiswahili chenyewe, nyumbani, ndicho kinachoimeza lugha ya bibi? Pingamizi hili halina budi kukubaliwa kwa sehemu. Wanafunzi wa Kiswahili wamekuwa wepesi wa kulalamikia Kiingereza na wazito wa kuona kivuli chao wenyewe. Kidigo na Kiswahili vyote vimo katika kundi la Sabaki. Ni ndugu, na ndugu mkubwa anaweza kula haki ya mdogo. Kazi imefanywa ya kukihifadhi Kidigo: kamusi ya Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004, inaeleza maneno ya Kidigo kwa Kiingereza na Kiswahili. Kwa hivyo jibu la haki ni hili: lugha ya kwanza ya kumpa mtoto ni ile ambayo bibi yake hulia na kucheka kwayo. Kama ni Kidigo, na apewe Kidigo. Kiswahili kitamfuata, kwa kuwa njia kutoka Kidigo hadi Kiswahili ni fupi. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na papo hapo inaitaka dola ikuze lugha za jamii zote.

Lipo jambo jingine ambalo halifai kunyamaziwa kwa kuogopa kuharibu furaha ya arusi. Cheti cha A1 kinathibitisha kwamba mtu anaweza kutaja jina lake, kujaza fomu, kuuliza bei na kuelewa sentensi fupi zinazosemwa polepole. Hakithibitishi kwamba anaweza kumweleza daktari maumivu yake, wala kumweleza askari kilichotokea usiku. Kwa sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika mwaka 2011, mke aliyekwenda kwa ndoa hupata haki yake mwenyewe ya kuishi huko baada ya kukaa katika ndoa nchini humo kwa miaka mitatu, na kabla ya hapo sheria inatoa nafasi kwa anayekabiliwa na dhiki kubwa, ikiwemo kudhulumiwa na mumewe. Ni wasichana wangapi wanaoondoka Kwale wakiijua kanuni hiyo? Mtu asiyeijua huweza kutishwa kwa neno moja, na akavumilia yasiyovumilika.

Hapa ndipo somo anapohitajika kuliko wakati wowote. Kazi ya somo haikuwa kamwe mapambo na mambo ya chumbani tu, kama inavyodhihakiwa mijini. Somo alikuwa mwalimu wa mwanamke anayeingia katika nyumba ya watu wengine: alimfunza akae vipi, anyamaze lini, aseme lini, na amtume nani anapozidiwa. Katika siku za fungate alikuwapo nyumbani humo humo, karibu na mwali wake. Arusi ya kwenda ng'ambo imemwacha somo uwanja wa ndege. Kumwacha ni kosa. Mafunzo yake yapaswa kupanuka yafike mpaka kule mwali anakokwenda: haki zake ni zipi, karatasi zake aziweke wapi, ampigie nani simu, na azungumze na mwanawe kwa lugha gani. Na kwa kuwa somo mzee hawezi kuyajua yote ya jaladani, na akae kitako na yule msomi wa familia, kila mmoja amfunze mwenzake. Hayo maandalizi mawili yasiyozungumza na yazungumze.

Kutokana na yote haya, linapendekezwa jambo moja jipya kwa wazee wa pwani ya kusini: pamoja na kilemba na mkaja, iwepo ada ya lugha. Isiwe ada ya fedha. Iwe ahadi inayotajwa siku ya posa, mbele ya pande zote mbili, kwamba bwana arusi atajifunza kuamkia na kuitikia, na kwamba watoto watakaozaliwa au watakaosafiri watasemeshwa na mama yao lugha ya mama yao, bila mtu kuwazuia wala kuwacheka. Ahadi ya namna hii haiwezi kushtakiwa kortini, na haihitaji kushtakiwa. Kilemba nacho hakuna anayekidai mbele ya hakimu, lakini mkwe aliyekikosea hukumbushwa maisha yake yote.

Ada hiyo inaweza kupewa mwili kwa njia nyepesi. Kabla ya safari, sauti ya bibi akitamba ngano, vitendawili na nyimbo za kubembelezea mtoto zirekodiwe katika simu, si kwa ajili ya makavazi ya chuo bali kwa ajili ya mjukuu mmoja. Simu ya kila juma isiwe ya mama na bibi tu huku mtoto akipita nyuma akipunga mkono. Naye apewe zamu yake, aseme shikamoo, asubiri marahaba, aulizwe alichokula. Ndani ya sanduku, baina ya leso na viungo, vitiwe vitabu vichache vya watoto. Na yule mtoto wa miaka saba, ambaye tayari anajua kusoma, aandikiwe barua na mjomba wake ili awe na sababu ya kujibu.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vina sehemu yao. Kila mwaka, tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, vyama hivi huandaa maandamano, mashairi na hotuba kuhusu kukua kwa Kiswahili ulimwenguni. Hotuba hizo ni nzuri, lakini Kiswahili hakikui ulimwenguni ikiwa wanaokibeba wanakiacha mlangoni. Chama kinachoweza kuandaa kongamano kinaweza pia kuandika kijitabu chepesi cha kumfunza mkwe mgeni salamu, majina ya jamaa na maana ya ada za arusi. Kinaweza kuwatuma wanachama wake Ukunda na Msambweni wakati wa likizo, wakae na masomo, wakusanye maneno na nyimbo kabla waliozijua hawajaondoka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu katika isimujamii hana haja ya kutoka Kwale. Na aanzie katika familia moja iliyogawanyika baina ya vijiji viwili, kimoja cha Kwale na kimoja cha Ulaya, apime kilichobaki cha lugha ya bibi katika kinywa cha mjukuu.

Siku ya safari itafika. Jalada la plastiki litakaguliwa mara tatu kabla ya gari kuondoka kuelekea uwanja wa ndege, kwa sababu kila mtu anajua kwamba karatasi moja ikisahauliwa safari imekwisha. Mtoto wa miaka saba atapelekwa kumuaga bibi yake, naye bibi atamwambia maneno machache kwa Kidigo. Siku hiyo mtoto atayafahamu yote. Wanaobaki na wanaokwenda wanao uwezo wa kuhakikisha kwamba miaka kumi baadaye, bibi akimwambia maneno yale yale kwa simu, bado atayafahamu. Mwacha mila ni mtumwa, na mila ya kwanza ya mtu ni lugha aliyopokelewa nayo duniani.